Injini Inanguruma, Boti Haiendi

Jumapili, baada ya ibada. Niko Same, kwa shangazi.

Upepo wa mji huu umeanza tangu alfajiri na haujapumzika. Masika ya hapa ni ya jina tu. Vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Milima imejifunika wingu, kwa hiyo huko juu kwetu Mamba huenda mvua inanyesha saa hizi, na sisi huku chini tunapangusa meza, tunakaa, tunapangusa tena.

Sijui nianzie wapi. Kanisani leo nilijaribu kuomba, sala ikagoma kunyooka. Nilianza vizuri kwa kushukuru, mara nikajikuta namweleza Mungu habari za propela.

Nimechanganyikiwa. Si huzuni, wala si furaha. Ni kama mtu aliyemaliza kufunga injini akakuta nati mbili zimebaki mkononi.

Kwa wewe unayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mwanamke wa milimani ninayeendesha boti. Ndiyo, cheka tu, wengi wameshacheka. Nilizaliwa kwenye tangawizi, mahali ambapo maji makubwa kuliko yote niliyoyajua yalikuwa ya mfereji. Usichanani mwangu niliendesha bodaboda, nikishusha magunia kwenye zile kona ambazo ukikosea mara moja hupati nafasi ya kukosea tena. Kisha nikaolewa na mvuvi wa Ziwa Jipe. Kijiji kilipopata boti ya injini, kikundi chetu kikatafuta watu wawili wa kuiendesha. Wa kwanza alikuwa Mzee Elikana, aliyezaliwa pale pale ziwani na anayejua kila njia iliyojificha katikati ya matete. Wa pili wakanichagua mimi. Mwenyekiti wetu, Mama Nakundwa, alisema, "Huyu mkono wake umeshazoea moto wa pikipiki, wa boti hautamshinda."

Mzee Elikana ndiye aliyenifundisha. Alinifundisha kuutazama upepo juu ya matete kabla haujanifikia, na kuwapisha viboko hata kama njia ni yangu. Hajawahi kunipandishia sauti, hata siku ile nilipoikwamisha boti mchangani mbele ya wakwe zangu.

Boti si ya starehe. Mvua zikikolea, barabara ya kwenda zahanati hukatika pale bondeni, na njia ya kuzunguka ni nusu siku, ukipata gari. Kwa maji ni dakika ishirini. Kwa hiyo msimu huu boti ndiyo barabara yetu.

Ndiyo maana ilipoanza kuteleza, kijiji kizima kilijua.

Nieleze huko kuteleza. Unawasha, unaingiza gia, boti inaondoka vizuri, polepole. Unaongeza moto, yaani unazungusha mkono wa mafuta, inakwenda kidogo, halafu ghafla injini inapandisha sauti, inapiga kelele kama kitu kilichokanyagwa, na boti yenyewe inapoa. Inaelea tu. Ni kama lori lenye klachi iliyokwisha likijaribu kupanda mlima. Ukipunguza moto, inashika tena bila aibu. Ukiongeza, inaachia.

Ilianza kidogo kidogo. Mimi na Mzee tuliiona, tukaambizana labda ni mafuta machafu, tukaendelea na safari.

Mpaka siku ya Anjelina.

Anjelina ni mama kijana, jirani yangu nyumba ya nne. Mtoto wake wa miezi minane alikuwa anachemka homa. Zamu ilikuwa ya Mzee Elikana. Walipofika katikati ya ghuba, injini ikanguruma na boti ikasimama. Akapunguza moto, safari hii haikushika tena. Upepo ukawasukuma ndani ya matete, upande ule wanakolala viboko. Mzee akachukua upondo, akaanza kusukuma kwa mikono yake, matete yakimkata viganja, Anjelina akimpepea mtoto na kanga na kulia. Dakika ishirini zikawa saa tatu nzima. Mtoto alifika degedege limeshaanza.

Alilazwa siku nne. Amepona, Mungu ashukuriwe. Amepona.

Wiki hiyo hiyo kikundi kikakaa. Watu walikuwa na hofu, na hofu ikikosa pa kushika humshika mtu. Wakasema gia imekufa. Wakasema imekufa kwa sababu Mzee Elikana anaiingiza kwa nguvu kama anavunja kuni. Wengine wakaongeza kwamba macho yake yamechoka. Yeye alikaa kwenye benchi, kofia mapajani, viganja vimefungwa vitambaa, hakujibu neno. Wakamsimamisha kazi mpaka fundi aseme gia imeharibiwa na nini. Mimi wakanipa jukumu la kuipeleka injini Same.

Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma yake.

Sasa nimefika pale ambapo vidole vinakataa kuandika.

Wiki tatu kabla ya siku ya Anjelina, niligonga.

Ilikuwa asubuhi, ziwa limetulia, sina abiria. Mdogo wangu alikuwa amenitumia picha ya mabati mapya juu ya nyumba ya mama. Nikawa naitazama, mkono mmoja kwenye usukani wa injini, mwingine kwenye simu, nimejaa furaha ya mabati. Ndipo nikasikia pigo chini yangu. Injini ikaruka juu, ikarudi, ikazima. Gogo. Limelala chini ya maji kidogo tu. Ningekuwa natazama mbele ningeliona.

Niliinua injini. Panga moja la propela lilikuwa limekatika kidogo pembeni, kama ukubwa wa ukucha. Nikawasha, ikawaka. Nikaingiza gia, ikaingia. Nilipofika pwani nilitafuta tupa, nikalipiga lile panga mpaka likawa laini na huwezi kujua kama halikuzaliwa hivyo.

Nilijiambia naitunza propela. Haikuwa kutunza.

Sikumwambia mtu. Hata mume wangu sikumwambia. Na siku ya kikao, walipokuwa wanamsema Mzee, nilijiambia kwamba wao wanazungumzia gia na mimi niligonga propela, hivyo ni mambo mawili tofauti. Unaona jinsi mtu anavyoweza kuwa hodari wa mashine pale tu inapomfaa?

Fundi Shabani ana gereji yake kando ya barabara kuu. Baba yake alitoka upande wa Tanga kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huku, hakurudi, na mtoto akazaliwa huku huku. Gia za malori anazijua kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yake akiwa gizani. Injini ya boti haikuwahi kuingia gereji kwake, lakini aliniambia, "Gia ni gia, dada. Ya majini nayo ina meno."

Alianza na oili. Akafungua skrubu ya chini, ikatiririka nzuri, safi. "Ingekuwa nyeupe kama maziwa ningesema maji yameingia," alisema. Akaibadilisha hata hivyo. Akaja kwenye waya wa gia, akaukaza, labda gia haifiki mwisho wa nafasi yake. Kisha akafungua mguu mzima wa injini, akatoa gia zote, akazipanga juu ya gunia moja baada ya nyingine.

Nilisimama pembeni nikitazama. Na hapa nikiri jambo baya kuliko lile la kupiga tupa.

Nilikuwa naomba akute jino limevunjika.

Jino lililovunjika lingekuwa kosa la mtu anayeingiza gia kwa nguvu. Lingekuwa la Mzee, nami ningerudi nyumbani nimetulia. Niliomba hivyo, mimi niliyefundishwa naye kushika injini.

Meno yalikuwa mazima. Makali, yote, kama ya mbwa mdogo.

Fundi akafunga, tukaitumbukiza injini kwenye pipa la maji, akawasha. Propela ikazunguka kwa nguvu, maji yakaruka, madereva wa malori waliokuwa wamekaa kusubiri magari yao wakalowa na kushangilia. "Imepona," akasema. Nikaipakia kwenye pikapu nikairudisha ziwani.

Hatua mia mbili kutoka pwani, ikaachia.

Nilizima nikakaa katikati ya maji. Kwenye pipa mzima, ziwani mgonjwa. Ugonjwa gani huu unaomwogopa fundi? Nilitaka kucheka, nikaona machozi ndiyo yanatoka.

Jumatatu ya wiki hii nikairudisha Same. Jumanne Fundi akampigia simu shemeji yake aliyeko Ukerewe, ambako injini za boti ni nyingi kuliko baiskeli. Aliweka simu juu ya meza, sauti wazi ili wote tusikie. Shemeji akasikiliza maelezo mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Hiyo mashine iliwahi kugonga kitu?"

Fundi akanitazama.

"Hapana," nikasema.

"Haijawahi kabisa? Jiwe, gogo, chochote?"

"Haijawahi."

Shemeji akaguna. "Basi sijui. Fungueni tena hizo gia, kuna kitu kimewapita."

Hivyo Jumatano nzima Fundi Shabani alifungua tena kitu ambacho hakikuwa na kosa. Aliziosha gia kwa petroli, akazigeuza juani, akapapasa kila jino kwa ncha ya kidole akiwa amefumba macho. Sikuwa na kazi, nilikaa kwenye tairi nikimtazama. Mchana akaja dereva mwenye lori linalokataa gia ya tatu. Fundi alimtazama, akatazama gunia lenye gia zangu, akamwambia ajaribu gereji ya mbele. "Siku hizi sijui mkono wangu umekuwaje," alisema. Yule dereva akaondoka.

Kisha akanigeukia. "Dada, miaka ishirini nafanya gia. Leo sijui ninachokitazama."

Nikarudi kwa shangazi. Alikuwa amepika makande, yale ya nyumbani kabisa, nikashindwa kumaliza sahani. Aliniuliza kwa Chasu, lugha yetu ya milimani, kama naumwa. Nikamwambia ni joto.

Nilikuwa nimeshazoea kumwona Mzee Elikana akibeba kosa langu. Si kwamba haikuniuma, lakini nilikuwa nimezoea, kama unavyozoea jiwe ndani ya kiatu. Ila huyu wa pili sikumtarajia. Uongo wangu ulikuwa umeanza kumla mtu ambaye hata hajawahi kulikanyaga ziwa letu.

Alhamisi asubuhi nilifika gereji kabla hajafungua. Nilimwambia akiwa bado ameshika kufuli. Gogo, simu, mabati ya mama, tupa, yote. Nilisema haraka haraka kama mtu anayeruka maji ya baridi.

Hakugomba. Aliweka kufuli chini, akapangusa mikono, kidole kimoja kimoja, ingawa ilikuwa safi.

"Ungesema Jumanne, dada."

Basi. Hilo tu. Angenitukana ningejisikia nafuu.

Akampigia shemeji yake. Shemeji akacheka mpaka akakohoa, kisha akaeleza, na kwa mara ya kwanza ndani ya wiki zote hizo jambo likaeleweka. Ndani ya propela kuna raba. Katikati kuna chuma kinachoshika shafti ya injini, nje kuna mapanga, na baina yake ndipo ilipo raba inayoviunganisha. Imewekwa makusudi: ukigonga, raba itoe kwanza, gia zisivunjike. Raba ikichanika au ikichoka, inashika kwenye moto mdogo na kuachia kwenye moto mkubwa. Chuma cha ndani kinazunguka, mapanga yanabaki nyuma. Kwenye pipa maji ni kidogo, hakuna mzigo wa boti, kwa hiyo raba inashika na kila mtu anashangilia.

"Chora mstari wa rangi," akasema, "kuanzia kwenye chuma cha katikati mpaka kwenye mapanga. Nenda ziwani, ongeza moto mpaka iachie, kisha inua uangalie. Mstari ukikatika, umempata."

Fundi alikuwa na kopo la rangi nyekundu ya kuandikia malori. Tukachora mstari, tukaacha ukauke wakati anafunga gia zake kwa mara ya mwisho, na Alhamisi hiyo hiyo tukashuka ziwani. Alikuja mwenyewe. Alisema anataka kuona kwa macho yake.

Tulipotoka na boti niliongeza moto. Injini ikanguruma, boti ikapoa. Nikazima, tukainua.

Mstari ulikuwa vipande viwili. Kimoja kwenye chuma, kingine kwenye mapanga, vimeachana kwa upana wa vidole vitatu.

Fundi Shabani alivuta pumzi ndefu akatazama mikono yake. "Gia zilikuwa nzima tangu siku ya kwanza," alisema, si kwangu, ni kama anaiambia mikono.

Basi nikajua. Hakuna aliyeingiza gia kwa nguvu. Mzee hana kosa, kosa ni langu. Ilikuwa aibu, lakini ilikuwa aibu iliyonyooka; ningeweza kuishika na kwenda nayo kwa watu.

Tukarudi pwani, Fundi akaifungua propela, akawa anaigeuza mikononi.

"Umesema ulipiga tupa panga moja?"

"Moja."

"Mbona hii imepigwa tupa mahali pawili?"

Nikaichukua. Panga langu nililijua, hata mikwaruzo yangu niliijua, inalala upande mmoja kwa sababu nilikuwa na haraka. Lakini panga la pili nalo lilikuwa limelainishwa pembeni, kwa ustadi kuliko langu, na kwa utulivu zaidi. Sikuwahi kuliona. Ningeonaje, wakati siku ile nilikuwa natazama alama yangu tu?

Mzee Elikana alikuwa ameisikia injini, akateremka kutoka nyumbani kwake. Alisimama mbali kidogo na boti, kama mtu aliyekatazwa kugusa, na kweli alikuwa amekatazwa. Nikamfuata na ile propela mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imekuwaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa natazama miguu yake, na nilipomaliza nikainua macho. Uso wake ulikuwa umekaza.

"Wiki tatu," alisema. "Wiki tatu nimekaa nyumbani kama mgonjwa. Wajukuu wananiuliza, babu leo huendi ziwani? Na wewe ulikuwa nyuma yangu pale kwenye benchi."

"Ndiyo, mzee."

"Ulikuwa nyuma yangu."

Nilidhani atanigeuzia mgongo aondoke. Badala yake akanyoosha mkono, akaichukua propela, akaigeuza mpaka kwenye lile panga la pili. Akapitisha kidole gumba pale palipolainishwa.

"Hii ni yangu," akasema.

Sikuelewa. Nikamwomba aseme tena.

Ilikuwa wakati wa vuli. Alikuwa anarudi kumshusha mwalimu, mvua inampiga usoni, akalipanda jiwe pale kwenye pembe ya ghuba, jiwe analolijua tangu utoto. Akafika pwani, akatafuta tupa. Tupa ile ile.

"Mwanangu, nina miaka sitini na saba," alisema. "Ningesema nimegonga jiwe ninalolijua, wangesema macho. Na walisema macho bila hata kujua. Nilipokaa kwenye benchi lile nilijua wanakosea kuhusu gia, ila nilidhani hawakosei kuhusu mimi. Ndiyo maana sikujibu."

Tukasimama pale, watu wawili wazima na propela moja.

Fundi akampigia tena shemeji, kwa sababu nilitaka kujua. Nilihitaji kujua. Ni jiwe la vuli au ni gogo langu? Shemeji akauliza umri wa ile propela. Mzee akamwambia ilikuja na boti, na boti yenyewe tuliipata ikiwa imeshatumika kwingine miaka mingi.

"Basi hakuna atakayewaambia," akasema. "Inaweza kuwa jiwe. Inaweza kuwa gogo. Inaweza kuwa uzee wa raba tu, mngeweza kutogonga kitu na bado ikaachia siku ile ile."

Yaani nilibeba dhambi yangu wiki zote hizo, nikaja kuitua, nikaambiwa labda si yangu. Unafanya nini na mzigo wa namna hiyo? Huwezi kuubeba, huwezi kuutupa.

Ijumaa tulipata propela nyingine, iliyotumika lakini yenye raba nzima, kutoka kwa wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Fundi akaifunga. Niliongeza moto mpaka mwisho, boti ikainua pua na kwenda, ikaenda, sauti ya injini na mwendo wa maji vikiwa kitu kimoja. Fundi Shabani, asiyejua kuogelea, alishikilia ukingo kwa mikono miwili huku akicheka kama mtoto.

Jioni kikundi kikakaa. Tulisimama wote wawili. Mzee alisema lake, mimi nikasema langu, na la simu nikalisema, na la kunyamaza kwenye benchi nikalisema, maana hilo ndilo lililokuwa zito kutamka. Watu wakaguna. Mtu mmoja akacheka. Mama Nakundwa akanitazama kwa muda mrefu akasema, "Kwa hiyo boti hii imegongwa na kila aliyeiendesha, na sisi tuliokuwa tukipanda tukisali ndio pekee hatukujua." Wakacheka wengi zaidi. Nilianza kupumua.

Ndipo Anjelina akasimama, mtoto mgongoni.

"Mimi sitaki kujua nani aligonga," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ikabidi watu wanyamaze wamsikie. "Magogo yapo, mawe yapo. Nilipanda boti ile na mtoto anayekufa. Mlikuwa wawili mnaojua kitu, na mimi sikukijua. Ningekijua, labda ningepanda hivyo hivyo. Labda ningezunguka kwa barabara. Lakini ningechagua mimi."

Akakaa. Hakuna aliyecheka tena.

Wakaamua Mzee arudi kwenye zamu yake na mimi nibaki kwenye yangu, na kuanzia sasa anayegonga chochote aseme siku hiyo hiyo, pale pale pwani, kwa yeyote aliyepo. Hakuna aliyeadhibiwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa adhabu. Sikujua kwamba kukosa adhabu nako kunachosha hivi.

Jana Jumamosi ilikuwa zamu yangu.

Abiria wa kwanza kufika alikuwa Anjelina. Mtoto alitakiwa kurudi zahanati kuangaliwa. Alipanda, akaketi, si kwa kutazama mbele kama watu wote, bali amenigeukia mimi. Njia nzima alitazama mkono wangu.

Karibu na ng'ambo maji ni ya kina kifupi, tope limejaa. Nikahisi injini imegusa chini, kidogo sana, mguso ambao zamani nisingehangaika nao. Nikazima.

"Tumegusa tope," nikasema kwa sauti. "Nainua niangalie."

Mzee mmoja aliyekuwa na mbuzi wake akasonya. Anjelina akamkumbatia mtoto kwa mikono miwili. Niliinua, nikapapasa mapanga yote, mazima, nikawaonyesha. Nikawasha, tukaendelea. Sijui kama kusema kulimtuliza au kulimwongezea hofu. Nimelifikiria tangu jana na bado sijui. Pengine ukweli hautulizi, unakaa tu pale pamoja nanyi ndani ya boti.

Tulipofika, ukingo ulikuwa na utelezi. Anjelina alitazama huku na huku, akanikabidhi mtoto, akashuka, akanyoosha mikono nikamrudishia. Mtoto mzito kuliko nilivyodhani, ana joto la kawaida tu la mtoto.

Hakusema asante. Alijifunga kanga vizuri, akapanda kile kilima kidogo cha zahanati, kisha akageuka.

"Saa nane uje unichukue."

Jioni, nilipomaliza safari zangu, nilipanda pikapu na Fundi Shabani kuja huku kuchukua nguo na vitu nilivyoviacha kwa shangazi. Njiani alizungumza kuhusu malori; anasema kesho yule dereva wa gia ya tatu anarudi. Mimi nilikuwa naigeuza ile sentensi ya Anjelina kichwani, na leo kanisani nimeigeuza tena. Inaweza kuwa ni msamaha. Inaweza kuwa ni kwamba barabara imekatika na boti ni moja, basi.

Ni ipi kati ya hizo? Na je, nina haki ya kumuuliza?

Ninachojua ni kwamba hiyo saa nane haikunikuta njiani. Saa saba na nusu nilikuwa nimeshafunga kamba pale chini ya zahanati, nikakaa, nikamsubiri.